Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi na JKT: Kijana wa kujitolea atoke kambini akiwa amelipiwa chuo

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni mwalimu wa uashi katika chuo cha ufundi stadi hapa Dodoma. Nakuandikia kuhusu vijana wa kujitolea wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Sisemi juu ya wale wa mujibu wa sheria, wanaokwenda miezi mitatu baada ya kidato cha sita kisha wakaendelea na safari yao ya chuo kikuu. Nasema juu ya wale wanaofunga mkataba wa miaka miwili. Ombi langu ni moja: kijana anayemaliza miaka hiyo miwili kwa nidhamu, serikali imlipie masomo ya ufundi au ya chuo, na fedha hiyo itengwe siku anayokula kiapo, isingoje siku anayoaga kambi.

Kila muhula mpya unapokaribia, vijana hawa hufika chuoni kuulizia nafasi. Mtu hahitaji kuambiwa wametoka wapi. Wanasimama wima, wanakuitikia "ndiyo afande" hata kama wewe ni mwalimu tu mwenye vumbi la saruji kwenye viatu, na ukiwapa mwiko unaona kazi. Wamepiga lipu majengo, wamesuka nondo, wamemwaga zege. Ukiuliza cheti cha fani, wanakutolea cheti cha kumaliza mafunzo ya JKT. Ni cheti cha heshima, lakini mkandarasi anayetafuta fundi hataki kujua kama kijana anajua kwata. Anataka kuona ngazi yake ya ufundi, ile inayotambuliwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na hiyo hawana.

Halafu tunafika kwenye ada. Kwa muda mrefu ada ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Wapo watakaosema hiyo ni fedha ndogo. Kwa kijana aliyetoka kijijini akiwa na miaka 18, akarudi na miaka 20 akiwa na begi na sare iliyopauka, si ndogo. Tena ada yenyewe ndiyo nyepesi kuliko vyote. Kuna chakula kwa anayesoma kutwa, kuna chumba, kuna nauli, kuna buti, na kuna vifaa ambavyo mwanafunzi wa uashi hawezi kuviazima kila siku: mwiko, pima maji, timazi, futi. Kijana anasikiliza hesabu yote, anashukuru, anaaga kwa heshima. Wengi wao siwaoni tena.

Wanakwenda wapi? Mheshimiwa, unajua kuliko mimi. Wanakwenda kusubiri. Kila mwaka tangazo la kuita vijana JKT linasema wazi kwamba jeshi hilo halitoi ajira wala halihusiki kumtafutia mtu ajira, na kwamba linampa kijana mafunzo ya kumwezesha kujiajiri. Tangazo linasema kweli. Lakini hakuna mzazi anayelisikia, kwa sababu kila mzazi anajua pia kwamba Jeshi la Wananchi (JWTZ), Polisi, Magereza na vyombo vingine huwaangalia kwanza waliopita JKT. Mtoto akipelekwa kambini, nyumbani wanahesabu ameshapata kazi. Miaka miwili ikiisha bila jina lake kuitwa, anaambiwa avute subira. Anavuta subira mpaka umri unamtupa mkono.

Na sisi kama nchi tumeichochea subira hiyo. Ukuta wa Mirerani, kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ya tanzanite, ulijengwa kwa takriban miezi mitatu, na vijana wa JKT ndio walioubeba mgongoni. Rais Magufuli alipouzindua Aprili 2018, alielekeza vijana walioujenga waajiriwe. Walistahili. Ila tangu siku hiyo kila kijana aliyeshika koleo kwenye mradi wa jeshi aliamini kwamba koleo lile ni barua ya ajira. Mwaka 2021 tukasikia mamia ya vijana wameondolewa makambini baada ya kugoma wakidai ajira waliyoamini imeahidiwa. Siandiki kuwatetea waliovunja nidhamu ya jeshi. Naandika kwa sababu ahadi ya ajira kwa wote haiwezi kutimizwa na serikali yoyote, na pasipo ahadi nyingine inayoweza kutimizwa, vijana wataendelea kuishika hiyo hiyo.

Swali la nini anachopata kijana kwa kulitumikia taifa si geni kwetu. JKT ilianza Julai 1963. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu na vyuo vingine waliandamana Dar es Salaam kupinga kulazimishwa kujiunga, na moja ya malalamiko yao ilikuwa kwamba katika kipindi cha utumishi wangelipwa asilimia 40 tu ya mishahara yao. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao kwa mamia, na palepale akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tumezoea kuisimulia habari hiyo kama somo kwa wasomi waliojipenda. Mimi nasoma ndani yake jambo jingine. Mwalimu hakudai kijana ajitoe huku wakubwa wakiendelea kama kawaida. Alijikata yeye kwanza. Na vijana wa leo si wale wasomi wa 1966. Wengi ni wa kidato cha nne, wapo hata wa darasa la saba. Hawakuja kambini wakiacha mshahara. Walikuja wakitafuta pa kuanzia.

Nchi nyingine zimeshafanya jambo hili la kumlipia masomo aliyelitumikia taifa, na zimeshakosea ndani yake, kwa hiyo sisi tunaweza kuanza tukiwa na akili ya mbele. Marekani ilitunga sheria mwaka 1993, ikasainiwa na Rais Clinton, ikaunda mpango wa AmeriCorps. Anayetumikia kwa mwaka mzima, saa 1,700 za kazi katika shule, hospitali au maeneo ya maafa, hupata tuzo ya elimu. Hapewi fedha taslimu. Fedha inakaa kwenye mfuko maalumu, na mwenye tuzo anapoamua kusoma, inakwenda moja kwa moja chuoni, au kwa aliyemkopesha kama tayari anadaiwa mkopo wa masomo. Ana miaka saba ya kuitumia. Mpango huo ndio uliokaa kichwani mwangu nilipoamua kukuandikia, hasa kwa yale yaliyowashinda mwanzoni.

Tuzo yao ilianza na dola 4,725 na ikabaki hapohapo takriban miaka 15 huku ada za vyuo zikipanda. Baadaye ndipo walipoifunganisha na kiwango cha juu cha ruzuku yao kuu ya wanafunzi, na miaka ya karibuni ikafika dola 7,395. Sisi tusitaje kiasi cha shilingi kwenye sheria. Tuseme ada kamili ya chuo cha serikali kwa ngazi anayosoma, iwe ni kiasi gani mwaka huo. Mwaka 2002 walisajili watu wengi kuliko fedha iliyokuwa kwenye mfuko, wakalazimika kusimamisha usajili, na mwaka uliofuata wakatunga sheria ya kuhakikisha fedha ya kila mtu inatengwa nafasi yake inapoidhinishwa. Ndiyo maana nasisitiza siku ya kiapo. Fedha ikingoja miaka miwili, itakutana na dharura nyingine njiani, na kijana atapewa barua badala ya ada. Tena kwao tuzo inahesabiwa kuwa kipato na inatozwa kodi mwaka inapotumika, hata kama mwenyewe hajashika senti. Jambo hilo tusiliige.

Hatuhitaji hata kuvuka bahari. Majirani zetu wa Kenya wana Huduma ya Vijana kwa Taifa, ile wanayoiita NYS, iliyoanza mwaka 1964. Kule kijana akimaliza mafunzo ya awali na kazi za ujenzi wa taifa, anaendelea na masomo ya ufundi katika vyuo vya huduma hiyohiyo. Imepita kwenye kashfa za fedha ambazo kila mtu anazijua, na hizo ni sababu ya kulipa chuo moja kwa moja na kuweka majina ya walionufaika wazi. Lakini wazo la kwamba utumishi unaishia darasani, wenzetu wanalo kwa miongo mingi.

Sasa gharama, kwa sababu najua ndilo swali la kwanza mezani kwako. Kijana wa bweni akisoma ngazi ya kwanza hadi ya tatu, mwaka mmoja kwa kila ngazi, kwa ada niliyoitaja ni shilingi 360,000 kwa miaka yote mitatu. Vijana 1,000 ni shilingi milioni 360. Ongeza vifaa na posho ya chakula, hata ukizidisha mara tatu, bado unazungumzia fedha ambayo barabara fupi ya lami inaimeza yote. Vyanzo vipo. SUMAJKT, shirika la uzalishaji mali la JKT, lipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, linajenga, linalima, linalinda majengo ya watu, na sehemu kubwa ya nguvu iliyolikuza ni jasho la vijana hawa. Sehemu ya faida yake irudi kwao. Ipo pia tozo ya kuendeleza ujuzi inayolipwa na waajiri, ambayo ndiyo inayosaidia kuendesha vyuo kama changu. Sioni mtu anayestahili kufikiriwa na tozo hiyo kuliko kijana aliyejenga madarasa ya watoto wa wenzake.

Ada itapungua zaidi tukitumia utaratibu ambao tayari VETA inao, wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi wa mtaani aliyefanya kazi miaka mingi anapimwa, akionekana anaweza, anapewa cheti bila kurudishwa kushika mwiko upya kama asiyejua kitu. Kijana wa JKT aliyekaa kwenye ujenzi miezi kadhaa naye apimwe hukohuko kwenye kambi kama Makutupora, Mafinga, Bulombora au Mlale, kabla hajafunga begi. Anayestahili ngazi ya kwanza aipate kambini, na fedha yake ianze kulipia ya pili.

Kuna wenye shahada pia wanaojiunga kwa kujitolea, wengi wakiwa wanadaiwa na Bodi ya Mikopo. Kwa hao tuzo iende kupunguza deni. Akipata kazi, atakatwa mshahara kulipa mkopo kama wengine. Si dhambi kwamba aliyelitumikia taifa miaka miwili akatwe kwa muda mfupi zaidi.

Nimesikia hoja kwamba uzalendo haulipwi, kwamba ukianza kumpa kijana kitu utapata wanaofuata kitu. Hoja hii inasemwa zaidi na watu wenye mishahara. Askari wetu ni wazalendo na wana mafao, na hakuna anayewaona wamepungukiwa. Tena ukiangalia vizuri, leo hii wengi tayari wanafuata kitu, nacho ni ajira jeshini, na wengi wanaikosa. Kijana akijua tangu siku ya kwanza kwamba akimaliza salama, nafasi yake chuoni imeshalipiwa, atalima na kujenga kwa moyo bila kuhesabu nani ameitwa na nani ameachwa. Na asiyeitwa atakuwa na pa kwenda Jumatatu inayofuata.

Bajeti ya wizara yako inakuja bungeni hapa Dodoma. Naomba iwe na kifungu cha kuanzia, kwa kikosi kimoja na operesheni moja tu, yaani kundi moja la wanaoingia pamoja, kwa vijana watakaokula kiapo mwaka huo. Kama wakaguzi wa ufundi watakuwa wachache, walimu wenzangu na mimi tumeshazungumza: tuko tayari kutumia likizo yetu kwenda kambini kuwapima vijana wa uashi, useremala na uungaji vyuma, bila malipo zaidi ya nauli na mahali pa kulala. Tunachohitaji kutoka kwako ni kibali cha kuingia kambini na orodha ya wanaokaribia kumaliza mkataba.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa uashi, Dodoma