Jagi la Sultani

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku Mombasa wazima, ila goti la mamako ni lile lile. Ujumbe wako wa jagi nimeupata. Nitalileta, usitie shaka. Mtoto wa ami yako anakuja Maskati baada ya Idd na amekubali kulipakata mwenyewe ndani ya ndege. Ila umesema ukilipata utaliweka sebuleni uwaeleze wakwe zako kwamba ni tunu babu yetu aliyopewa na Sultani wa Unguja. Hapo ndipo nikaona heri niandike barua, maana kwenye simu ningeona haya.

Usiwaambie hivyo.

Likifika, lipindue. Kwenye kitako utaona muhuri wa kijani: herufi M ndani ya shada la majani, maneno ya Kizungu yanayosema limechorwa kwa mkono, na neno Nippon. Nimeishi na muhuri huo zaidi ya miaka sitini bila kuusoma. Nilikuwa nikilitazama jagi kwa mbele, kama sote: jua linazama, mitende miwili, mtu amejifunga kilemba juu ya ngamia. Tukaambiwa huyo ndiye jadi yetu anatoka Oman. Kwa hesabu hiyo tulimiliki picha ya jadi yetu kabla kamera haijafika pwani!

Nippon ni jina Wajapani wanaloiita nchi yao. Mwaka 1890 Wamarekani walipitisha sheria ya ushuru, ile ya McKinley, kwamba kila bidhaa inayoingia kwao iandikwe nchi ilikotoka. Wajapani wakaandika Nippon. Mwaka 1921 forodha ya Marekani ikasema neno hilo si la Kiingereza, liandikwe Japan. Kwa hiyo chombo chenye neno Nippon namna hii kwa kawaida ni cha miaka hiyo thelathini, na kilifinyangwa kwa ajili ya kuuzwa Marekani. Hiyo M nayo ni ya Morimura, ndugu wa Tokyo waliofungua duka New York mwaka 1876, na mwaka 1904 wakaanzisha kiwanda kijiji cha Noritake, karibu na Nagoya. Basi jagi letu halikutoka kabla ya 1904. Ami yako anayesema ni la Kichina, la miaka mia nne, mwache aseme. Amezoea hadithi za sahani zilizopangwa kwenye zidaka za nyumba za Lamu, na zile kweli nyingi zilitoka China. Japani yenyewe kauri ilianza kufinyangwa Arita, kisiwa cha Kyushu, mwanzoni mwa karne ya 17, kwa mikono ya wafinyanzi wa Kikorea waliochukuliwa vitani. Lakini hayo si ya jagi letu. Letu ni la juzi, la kiwandani.

La kiwandani, ila lilichorwa na mtu. Nilimwazima sonara wa mtaani lenzi yake, ile ya kutazamia vito, nikakaa nalo dirishani asubuhi nzima hadi mamako akauliza kama nimepata kazi. Picha ya kubandika, chini ya lenzi, huwa vitone vitone. Hapa hakuna kitone. Kuna mvuto wa brashi, unaona kabisa mahali rangi ilipoanza nzito na ilipoishia nyembamba. Mtende wa kushoto una makuti saba, wa kulia una manane, na la nane limechorwa kwa haraka, kama mtu aliyeitwa chakula. Shingoni ukipapasa utahisi michirizi iliyoinuka. Huo ni udongo laini kama uji, waliuminya kutoka kwenye kijibomba juu ya chombo, vile vile dada zako wanavyominya koni ya hina mkononi mwa bi harusi. Wao wanauita moriage. Siku hizi napenda kupitisha kidole hapo.

Dhahabu iliwekwa mwisho, juu ya ile ngozi ya kioo inayofunika udongo, ikachomwa kwa moto mdogo. Haikuingia ndani. Ndiyo maana mdomoni imebaki kama ukungu tu. Kosa ni langu: kila mkesha wa Idd nilikuwa nalisugua kwa majivu na ndimu ling'are. Wewe lipanguse kwa kitambaa laini na maji ya vuguvugu, basi. Usilitie maji ya maua likakaa nayo.

Sasa la Sultani.

Mwaka 1971 bibi yangu alikuwa mgonjwa, nami ndiye niliyekuwa nikilala naye chumbani. Usiku mmoja akaniuliza, "Wewe wajua babu yako alikuwa akifanya kazi gani?" Nikasema mfanyabiashara, kama nilivyofunzwa. Akacheka mpaka akakohoa. Babu alikuwa mpishi. Miaka tisa alipika kwa Wamarekani waliokuwa wamepanga nyumba karibu na Kilindini, na kila asubuhi ndiye aliyekuwa akitia asumini kwenye jagi hilo, lililosimama juu ya meza yao ya chakula. Walipohama wakauza vitu barazani. Babu akaomba apewe jagi, mshahara wa mwezi wa mwisho wakae nao. Bibi alinuna siku kadhaa, kwa sababu mwezi huo nyumbani hapakuwa na unga. Babu akimwambia, "Mtazame ngamia huyu, ana goti la ng'ombe. Aliyemchora hajapata kumwona ngamia, na bado kamchora." Hilo ndilo lililomfurahisha.

Nilidhani bibi anaweweseka. Neno Nippon ndilo lililoniambia kwamba alikuwa na akili zake timamu. Jagi la soko la Marekani lingefikaje mtaani kwetu Kibokoni, kama si ndani ya kasha la Mmarekani? Sultani angelitoa wapi?

Hadithi ya Sultani ilizuka kwenye posa ya shangazi yangu. Wazee wa upande wa pili waliuliza chombo kile kimetoka wapi, na ami mkubwa hakuweza kutamka mbele yao kwamba baba yake alikaanga mayai ya Wazungu. Nami simlaumu sana, maana siku ya posa ya mamako niliirudia hadithi hiyo neno kwa neno, nikaongeza na upanga ambao haukuwapo kabisa. Mamako alikuja kuujua ukweli jana tu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema alikuwa akijiuliza miaka yote hii upanga ulikwenda wapi.

Wakwe zako ni watu wa ngamia. Wataliona lile goti. Wakikuuliza, waambie alilinunua mpishi. Na kama umesikia kwa mtu kwamba vyombo vya namna hii huuzwa kwa mamilioni, sivyo; vilitengenezwa vingi, na chetu kina dosari.

Dosari ni hii. Sikio la kushoto si zima. Mwaka 1984 nilibadilisha balbu, ngazi ikateleza, ncha yake ikaligonga. Nikaliunga kwa gundi usiku, nikaligeuza upande ulioungwa utazame ukuta, na kwa sababu mamako alikuta kipande kidogo sakafuni, nikasema ni paka. Paka wa watu akafukuzwa. Kwa hiyo usilishike masikio hata siku moja. Libebe kwa kitako na mkono mwingine tumboni, kama mtoto mchanga.

Ndani nimejaza magazeti, na nje nimelifunga kwa leso mbili za mamako. Ile yenye korosho nyekundu ameniambia mara tatu nikuandikie uirudishe.

Babako