Mwanangu ulie Nanjing, hiyo chupa itoe jikoni

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Picha ya kuku wako nimeiona, babako kaiona, na mamkubwa wako kaiona akanirejeshea na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi kwa vile umeunguza ngozi. Mie sikucheka. Mie niliikuza ile picha kwa vidole nikatazama nyuma ya sahani, pana chupa ya plastiki, maji yake rangi ya chai, imekaa ubavuni mwa soya sosi. Ile nini? Usinambie siki. Siki yao ya mchele naijua, na ile nyeusi ya Zhenjiang naijua vilevile, nyumba ya madaktari wa Kichina nimeifagia tokea hujazaliwa na jiko lao nalijua kuliko weye. Ile ni pombe ya kupikia.

Sasa nisikilize, sisemi umeharibika. Kuanza kupika mwenyewe kumenifurahisha mno na majirani nshawaonesha, nkawambia mtazameni, mtoto wa kiume, peke yake ugenini, anaroweka kuku usiku anapika kesho yake, na wenzake wanakula tambi za kumwagia maji moto. Lakini pombe ni pombe. Ile ina alkoholi asilimia kumi na kitu, na hayo maneno kwamba ikichemka inaruka yote kakwambia nani? Hairuki yote, nyengine inabaki mle mle, na hata ingeruka weye si umeshaitia kwa mkono wako ukijua? Wao wanaitia kukata shombo tu. Shombo! Kwetu shombo tunaikata kwa ndimu na tangawizi na hakuna mgeni alowahi kulalamika.

Hao watu wa mkoa wa Jiangsu hukohuko uliko wanaleta madaktari Zanzibar tokea 1964, na yule daktari wetu wa ile nyumba nlokuwa nikiifagia habari yake unaijua sina haja ya kuirudia. Siku nikila kwao alikuwa akiifungia chupa kabatini, anakuna tangawizi nyingi, anaiponda na vitunguu vya majani, anakamua maji yake, ndo anatia hayo badala ya pombe. Na kuku anatoka safi. Sasa kama Mchina mwenyewe aliweza kwa ajili ya mfagiaji, weye unashindwa nini kwa ajili ya nafsi yako?

Chukua mapaja ya kilo moja, yachanje kwa kisu mpaka ukaribie mfupa. Soya sosi ile nyepesi vijiko vinne vikubwa, ile nyeusi nzito kimoja tu, hiyo kazi yake rangi. Chumvi usitie kabisa, ulisema kuku alikuwa chumvi tupu, ndo hivyo, soya yenyewe ni chumvi. Sukari kijiko, thomu punje tano, kipande cha tangawizi, yale maji nlokwambia, na mafuta ya ufuta kijiko cha chai. Halafu ule unga wao wa viungo vitano, kijiko cha chai kimoja usizidishe, hapo mie nahisi weye unamwaga tu maana nyama kwenye picha ilikuwa kama imepigwa vumbi. Mle mna karafuu, mna mdalasini wa Kichina, mna shamari, mna ile ya umbo la nyota na ile pilipili yao inayotia ganzi ulimi, vyote vikali, ukizidisha utakula kuku ananuka kama dawa ya meno. Na asali, nadhani uliitia mwanzo, ndo ilokuunguzia ngozi. Asali inapakwa kuku akishakaribia kuiva.

Roweka ndani ya friji, sio juu ya meza ati kwa sababu huko baridi. Saa mbili zinatosha, akilala usiku mmoja bora zaidi, siku mbili hapana. Na kama friji ni ya wote muweke rafu ya chini umfunike, asije akawachuruzikia watu maji ya kuku mbichi kwenye vyakula vyao ukaitwa Mwafrika mchafu. Kupika ni mafuta kidogo, ngozi chini, moto wa wastani, akishageuka rangi mimina ile rojo aliyorowekwa na maji nusu kikombe, funika dakika 25 au 30. Toboa kwenye mfupa, ukiona damu rudishia mfuniko. Rojo usiimwagie juu ya wali bila kuchemka, imelala na kuku mbichi hiyo.

Na kikaango cha nani? Hilo nimelilalia macho wazi. Huko hata mchicha wanaweza kuukaangia mafuta ya nguruwe, kwa hiyo unaweza kumwaga pombe ukajiona umetakasika na kumbe kikaango cha jikoni kwenu kimeshapika kila kitu. Nunua chako, weka chumbani, ukiambiwa mchoyo itikia ndio mchoyo.

Kuku naye unamtoa wapi? Usinambie Nanjing hakuna Waislamu. Msikiti wa Jingjue upo hapo mjini tokea enzi za wafalme wa Ming, na Zheng He, yule amiri wa bahari wa Kichina ambae meli zake zilifika mpaka pwani hizi zetu mwanzo wa miaka ya 1400 alizaliwa nyumba ya Waislamu, na kaburi lake la kumbukumbu lipo hapohapo Nanjing, babako kanisomea. Ukenda Ijumaa waulize wazee wa Kihui, hao Wachina Waislamu, wananunua wapi nyama. Tafuta kibao cha qingzhen, yaani halali. Hata wale wa tambi za Lanzhou wengi wao ni watu wetu, waulize kuku wao wanatoa kwa nani, ulimi unao.

Babako anasema nakuandama na nikuache ukue. Yeye hajawahi kuosha hata bakuli. Ungekuwa unayajua yote haya zamani, ila kila ukiingia jikoni nilikuwa nakwambia toka, jiko la wanawake hili, na weye nawe ulikuwa hukosi kudokoa nyama, basi na tuliache.

Hujanijibu kuhusu chupa. Usiniandikie "sawa mama", nataka kujua umeimwaga au umempa yule mwenzio, na kama umempa aiweke kwake, isirudi kukaa na soya yako. Na soya nayo geuza chupa utazame nyuma, piga picha maandishi yote uyatie kwenye simu yakutafsirie, kuna sosi zimechanganywa na pombe hiyohiyo humo ndani na mbele imechorwa kuku anacheka.

Huku wazima. Bibi magoti yanamsumbua na dawa hataki, anataka mafuta ya karafuu tu, mjombako kaahidi kumletea chupa akija kutoka Wete ila sasa hivi yumo kwenye uanikaji wa karafuu na mvua inamkimbiza na majamvi. Banda la uani limevuja tumelipiga bati jipya, pesa ulotaka kutuma usitume, nunua koti, Januari ya huko inafika nyuzi sifuri na weye kifua chako nakijua. Dadako kafaulu lakini hesabu mbovu, mpigie umfokee kidogo, mie kanizoea.

Shangazi yako anauliza bei ya mashine ya kukunia nazi huko, ile ndogo ya duka, ya umeme, sio ya kiwandani. Mwambie kabla ya Ijumaa maana kuna mtu anatia mzigo kwenye kontena na nafasi imebaki kidogo.

Mamako