Kwa ndugu yangu wa Katuba, Lubumbashi, kuhusu miguu ya Baba yako

Kadutu, Bukavu

Ndugu yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani, ambako mvua haijatupa nafasi ya kuanika hata kitenge. Barua yako imenifikia, nami nimerudia mara mbili mahali ulipoandika kwamba Baba yako hatoki tena nje ya parseli, kiwanja chenu cha nyumbani, kwamba chakula na maji ya kuoga hupelekewa chumbani, na kwamba nyote mmekubaliana kuwa ni uzee tu. Niruhusu nikubishie, kwa sababu maneno hayo hayo niliyasema mimi kuhusu Mama yangu, na nilikosea.

Unazikumbuka ngazi za udongo zinazoshuka kutoka kwetu hadi sokoni. Mama amezishuka na kuzipanda kwa zaidi ya miaka 40 akiwa na kikapu kichwani. Siku moja ya mvua aliteleza, hakuvunjika popote, akainuka akijicheka. Lakini tangu juma lile hakwenda tena sokoni, kisha akaacha misa ya asubuhi, mwishowe akawa anaishia mlangoni. Sisi watoto, kwa mapenzi yetu, tukaikamilisha kazi ambayo woga ulikuwa umeianza: huyu anamsogezea kiti, yule anamletea maji, mjukuu anamvalisha viatu. Haikupita miezi mingi, ili ainuke kwenye kibao chake cha jikoni ikawa lazima ashike magoti kwa mikono miwili, ajisukume mara tatu, ndipo asimame, tena amefumba macho.

Kituo cha kwanza tulichokwenda kilitupa jibu moja, miaka, pamoja na vidonge vya maumivu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo tuliyempata baadaye hakuanza na magoti, jambo ambalo lilinikera mwanzoni, maana tulikuwa tumelipia magoti. Aliomba kuona dawa zote, akakuta kidonge cha usingizi ambacho Mama alikuwa akijinunulia farmasi bila kutuambia, nacho ni cha aina inayoweza kumwacha mzee akiyumba hata asubuhi. Alimpima macho, akaona mtoto wa jicho upande wa kulia. Ngazi usiyoiona vizuri huwezi kuikanyaga kwa imani. Akauliza anakula nini, naye Mama akajibu fufu na sombe ya majani ya muhogo, kwa kuwa meno yanamsumbua, na samaki amewaachia watoto. Magoti yenyewe yalikuja mwisho.

Lililonitisha zaidi ni habari ya kulala. Alitueleza kwamba katika utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2007, wazee wenye afya njema walikaa kitandani siku 10 tu, na nyama ya miguu yao ikapungua kwa karibu kilo moja. Siku 10, ndugu yangu! Nasi tulikuwa tukimsifu Mama kwa kupumzika.

Kipimo alichotufundisha hakihitaji mashine. Mzee anakaa kitini, anainuka, anatembea mita 3, anageuka, anarudi na kukaa, huku wewe ukihesabu kwa simu; akifikia sekunde 12 au zaidi, hatari ya kuanguka ipo. Mama alitumia 26, kutoka kitini hadi kwenye bidoni la maji na kurudi. Kidonge kile tulikiacha polepole chini ya daktari, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakarudi kwenye sahani yake, na kila asubuhi anainuka kitini mara 8 bila kushika kitu, mimi nikiwa nimesimama kando nikijizuia kumsaidia, jambo gumu kuliko unavyodhani. Jana alitumia sekunde 17. Ngazi za sokoni bado, ila misa amerudi, akipitia njia ya juu.

Kwa Baba, usisahau sukari yake. Sukari ya miaka mingi hufisha hisia za nyayo, na asiyehisi sakafu huogopa kutembea hata huko kwenu kulikonyooka. Mkague nyayo, vidole na viatu, kisha uulize hospitali kabla hamjaanza mazoezi yoyote. Yale maji ya kuoga mumwachie karibu na mlango, ayafuate mwenyewe, mtu akiwa nyuma yake.

Jumapili mhesabie sekunde, unitumie namba. Mama ameniambia nikuandikie kwamba anataka kushindana naye.

Ni mimi, jirani yako wa zamani