Programu za simu za wavuvi zijaribiwe mwaloni

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji tuseme na vyama vya ushirika, BMU (vikundi vya kusimamia uvuvi mwaloni), halmashauri na wafanyabiashara wa samaki wa Kanda ya Ziwa wanaoagiza kutengenezewa programu za simu za Android. Kazi hizo kwa kawaida huonyeshwa ukumbini, ukutani, kwa simu mpya iliyounganishwa na Wi-Fi. Makofi yanapigwa, malipo yanatoka. Atakayeitumia programu yuko Mwaloni Kirumba, kwenye mwalo (mahali mitumbwi inaposhusha samaki) na soko la samaki la Mwanza, saa kumi na mbili asubuhi, vidole vimelowa, simu yake ina RAM ya GB 1 na bando liliisha juzi. Programu itengenezwe kwa ajili ya simu hiyo, na ikaguliwe kwa simu hiyo.

Tuanze na mtandao. Mtumbwi ukishaondoka Igombe au Kayenze ukaiacha minara nyuma, mtandao huja na kupotea. Kwa hiyo kila kinachoandikwa kihifadhiwe kwanza ndani ya simu, kwenye hifadhidata ya SQLite (wanaoandika kwa lugha ya Kotlin huifikia kupitia maktaba ya Room), ndipo kitumwe baadaye kwenye seva, kompyuta kuu inayokusanya kumbukumbu za simu zote. Programu inayomzungushia mtu kiduara cha kusubiri kila anapobonyeza "Hifadhi" haimalizi wiki kwenye simu ya mchuuzi.

Kutuma baadaye nako kuna mtego wake. Simu inatuma: magunia 40 ya dagaa. Seva inapokea, inaandika, inajibu, na jibu linapotelea njiani. Simu haijui kama ujumbe ulifika, basi inatuma tena. Magunia 40 yanakuwa 80, na karani na mwenye mzigo wanaanza kutazamana kwa jicho baya. Dawa yake ni ndogo: simu yenyewe iipe kila kumbukumbu namba ya pekee, ile inayoitwa UUID, palepale inapoandikwa, na hifadhidata ya seva iwekewe sharti la kutokubali namba hiyo mara mbili. Ikija tena, seva ijibu kwamba imeshapokea, basi. Namba za kufuatana za 1, 2, 3 hazifai hapa, maana simu mbili zisizo na mtandao zitatoa namba 57 zote mbili.

Kazi ya kutuma chinichini, programu ikiwa haijafunguliwa, hupewa WorkManager, maktaba ya Android ya kupangia kazi za namna hiyo. Muda wake mfupi kabisa wa kazi ya kujirudia ni dakika 15, na hata hizo Android huzisogeza mbele ili kutunza betri, hasa simu ikiwa imelala. Juu ya hapo, baadhi ya simu za bei nafuu zina vizimio vyao vinavyoua programu mtumiaji anapoitoa tu kwenye orodha ya zilizofunguliwa. Kwa hiyo programu ijaribu kutuma pia kila inapofunguliwa, na iandike wazi juu ya kioo: "Hazijatumwa: 3". Mwenye simu akiiona namba hiyo anajua asiifute programu wala kupeleka simu kwa fundi ikaflashiwe kabla haijafika sifuri.

Na tarehe isisahaulike. Simu iliyokaa bila betri huweza kuwaka ikiwa imerudi miaka nyuma. Cheti cha usalama cha seva kinaonekana kama hakijaanza kutumika, muunganisho unakataliwa, na mtu anaambiwa "Hitilafu imetokea". Aambiwe arekebishe tarehe. Simu zenye Android ya chini ya 7.1.1 zina tatizo jingine: hazikutoka kiwandani zikiutambua mzizi wa vyeti (cheti mama cha kuthibitishia vingine) wa Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti vya bure, hivyo zitaikataa seva yenye cheti chake hata tarehe ikiwa sahihi, mpaka mtengenezaji auweke mzizi huo ndani ya programu.

Wengi huomba pia programu ionyeshe mtumbwi uko wapi. Simu haihitaji bando kujua ilipo, setilaiti zinatosha. Ila bila intaneti hulazimika kupokea taarifa za njia za setilaiti moja kwa moja kutoka angani, kwa biti 50 tu kwa sekunde, na taarifa ya kila setilaiti hujirudia kila baada ya sekunde 30. Ikikatizwa kidogo, inasubiriwa mzunguko mwingine. Programu inayokata tamaa baada ya sekunde 10 itasema "Mahali hapajulikani" huku anga ikiwa nyeupe. Ipewe dakika mbili au tatu. Tangu Android 8, programu isiyo mbele ya kioo hupewa mahali ilipo mara chache tu kwa saa, na tangu Android 10 kuna ruhusa ya pekee ya kufuatilia mahali wakati programu imefungwa. Njia iliyonyooka ni huduma inayojionyesha kwa arifa ya kudumu, ili mvuvi mwenyewe aone kwamba anafuatiliwa. Na msirekodi kila sekunde! Usiku wa saa 12 hutoa nukta 43,200 na betri inakufa kabla ya alfajiri. Nukta moja kila dakika tano ni 144, na kwa mtumbwi wa dagaa uliotulia na taa zake zinatosha kabisa.

Hapo tumegusa usiku, na usiku ndio unaoumbua programu nyingi zilizonakiliwa kutoka kwingine. Mvuvi wa dagaa hutoka jioni na kurudi asubuhi. Programu inayokata siku saa sita usiku inagawa kazi ya usiku mmoja katika tarehe mbili, na hesabu ya mapato haifanani kamwe na daftari la mwalo. Kipimo kiwe "usiku wa kuamkia Jumanne", kama watu wanavyosema. Saa zenyewe zihifadhiwe kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, na zionyeshwe kwa saa zetu: 19:00 isomeke saa moja usiku, 07:00 saa moja asubuhi. Kisanduku cha kuchagulia saa kinachokuja na Android hakijui jambo hili. Mtu anachagua 2 akimaanisha saa mbili usiku, simu inaandika 02:00, ambayo kwetu ni saa nane. Weka kisanduku chako chenye majina ya asubuhi, mchana, jioni, usiku na alfajiri. Halafu kuna mbalamwezi: mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika. Tusishangae ripoti ikisema watumiaji "wameacha" programu kila mwezi ukijaa, wakati wametandaza nyavu wanazishona.

Kiswahili nacho hakipatikani kwa kutafsiri maneno mwishoni. Android huweka maandishi kwenye faili pembeni, kila lugha na folda yake, na hufuata lugha ya simu. Simu nyingi mikononi mwa watu zimebaki na Kiingereza kilekile zilichotoka nacho dukani, hata kama mwenyewe hakijui. Kwa hiyo Kiswahili kiwe ndiyo lugha ya msingi, na lugha ichaguliwe ndani ya programu, mara moja, inapofunguliwa mara ya kwanza.

Kisha ngeli. Waandishi wa msimbo wamezoea kuunganisha vipande: namba, jina la kitu, kitenzi. Matokeo yake ni "3 sangara imehifadhiwa" au "1 debe zimepokelewa". Android ina utaratibu wa umoja na wingi, lakini unaangalia idadi peke yake, haujui kwamba sangara wamehifadhiwa, ndoo zimehifadhiwa na debe limehifadhiwa. Mnaweza kuandika sentensi kamili kwa kila kitu, kazi ndefu, au mkapanga maneno yasiyodai upatanisho: "Umepokea: ndoo 3". Sisi tunapendelea hii ya pili. Inasomeka haraka na haikosei.

Alama ndogo ya ng' ni balaa peke yake. Kwenye faili la maandishi la Android lazima itanguliwe na mkwaju wa kinyume (\), la sivyo inapotea au ujenzi wa programu unagoma. Baadhi ya kibodi huandika alama iliyonyooka, nyingine iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Huku kwetu, ambako majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng'w ni mengi, mteja aliyeandikishwa kwa alama moja hatafutiki kwa nyingine, na anaandikishwa upya. Zigeuzwe zote kuwa moja kabla ya kuhifadhi. Wanaotuma risiti kwa SMS ndio wanaoumia mfukoni: ujumbe wa kawaida huchukua herufi 160, lakini ukiwa na alama moja tu iliyopinda, au kikaragosi, hushuka hadi herufi 70, na risiti ya SMS moja inalipiwa kama mbili au tatu.

Fedha na uzito ziwe namba nzima, shilingi na gramu. Namba za desimali za kompyuta haziwezi kuishika hata 0.1 sawasawa.

Msikubali pia programu inayosoma SMS za malipo ya simu ili "kuthibitisha" mauzo. Duka la Google Play lilizibana ruhusa za kusoma SMS tangu 2019, na programu ya aina hiyo inaweza kukataliwa.

Sasa umiliki, ambao waagizaji hawaulizi. Android ni mfumo huria: msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya Apache 2.0, na kiini chake ni Linux. Lakini Huduma za Google Play, zinazotumiwa sana kwa ramani, mahali na arifa, si huria. Hilo halizuii kuzitumia, ila mtengenezaji aseme ni zipi, na programu ifanye nini kwenye simu isiyo nazo. Kuuliza mahali, kwa mfano, kunawezekana kwa LocationManager iliyo ndani ya Android yenyewe.

Mkataba uwape msimbo wote (vijana huuita "kodi", na mhasibu akisikia hivyo hushtuka) pamoja na faili la ufunguo wa saini na nywila zake. Android hukubali toleo jipya pale tu lililosainiwa kwa ufunguo uleule wa toleo la zamani. Fundi akiondoka na ufunguo, programu mliyogawiana kwa Bluetooth au WhatsApp haitasasishwa tena. Kila mtu ataifuta na kuweka nyingine, na kumbukumbu ambazo hazijatumwa zinakwenda nayo. Kama mnaiweka Google Play, akaunti ifunguliwe kwa jina la chama, dola 25 mara moja tu, siyo kwa jina la fundi.

Kabla ya malipo ya mwisho, azimeni simu ya mchuuzi yeyote, ikiwezekana yenye mfumo wa biti 32, maana programu iliyojengwa kwa biti 64 peke yake haitakubali hata kuwekwa. Zimeni data. Andikeni mauzo 20. Katikati ya la 21 pigieni simu hiyo, igeuzeni kioo kilale, halafu izimeni bila kuaga. Iwasheni: yale 20 yawepo, na la 21 liwe pale lilipoachwa. Rudieni saa saba mchana, juani, kwa vidole vyenye maji. Tone la maji hubonyeza kioo kama kidole, kwa hiyo kitufe cha "Futa" kikae mbali na cha "Hifadhi" na kiulize kabla ya kufuta. Vitufe visipungue dp 48 (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa wa vitu kwenye kioo), takriban milimita 9, na maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, yanayopendwa sana na wabunifu, yaondolewe yote.

Watengenezaji wa programu za simu,
Nyamagana, Mwanza