Kaka, mabati yasubiri kidogo

Kaka Salimu, shikamoo.

Natumaini hamjambo wote, mama miguu inaendeleaje, zile dawa nilizompa Mwajuma zimefika? Sisi hapa Houston hatujambo alhamdulillah, kazi ipo, zamu za usiku zimeongezeka lakini tumeshazoea, tuyaache hayo.

Meseji yako ya kuulizia hela ya mabati ya nyumba ya mama niliisoma siku ileile uliyotuma. Sikunyamaza kwa dharau kaka, wallahi tena, nilikuwa sijui nianzie wapi kukwambia kwamba ile hela niliyosema ni ya mabati nimeilipia timu ya besiboli ya kiangazi ya Idi, dola 2,800, na hapo hoteli na mafuta bado. Kabla sijakujibu nikakuta kwenye grupu la familia mtu kaandika eti nimemsahau mama nampa hela mtoto akacheze marungu. Aliyeandika anajijua. Nililia kaka. Miaka kumi natuma hela za shule, za msiba wa Ba'mdogo, za kile kiwanja cha Pongwe ambacho mpaka leo hati sijaiona, halafu hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza huyo mtoto anacheza nini na amefikia wapi. Hata wewe, samahani kukwambia, kila siku Samatta Samatta, eti angecheza mpira angeshafika Ulaya. Samatta tunamheshimu, tulishangilia hapa mpaka majirani wakagonga mlango, lakini Mungu kila mtu kampa lake.

Na alichompa Idi ni ule mkono. Unakumbuka mama alivyokuwa anamfunga kitambaa mkono wa kushoto ili ale kwa kulia? Na maembe ya Mzee Rajabu, jiwe moja embe moja, tukawa tunaitwa kuombwa fidia? Basi mkono huohuo kaka, huku mrushaji wa mashoto anatafutwa kama dhahabu, maana wapigaji wengi wamezoea mpira unaotoka upande mwingine. Idi ana miaka 17 na anarusha maili 88 kwa saa, ni kama kilomita 142, na anayesubiri kupiga yuko mita 18 tu mbele yake! Ijumaa iliyopita amerusha mechi nzima, haiskuli wanacheza vipindi saba, akawatoa wapigaji 11 bila hata mmoja wao kufanikiwa kuupiga mpira. Kulikuwa na wazee watatu nyuma ya wavu wameshika vile vimashine vya kupima spidi, na kila Idi akirusha wanaangaliana. Mimi nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja na yunifomu yangu nikasimama naita jina la mwanangu mpaka sauti ikakauka.

Sasa habari yenyewe ni hii. Kocha wa koleji moja ya miaka miwili ameandika kwamba wanamtaka akimaliza shule mwakani, karo na vitabu juu yao. Baba Idi hataki kusikia, anasema mtoto wake aende yunivasiti ya miaka minne kama watoto wa watu, na juu ya hilo tumenuniana wiki nzima. Mimi nimekaa na kocha wake wa shule nikaeleweshwa vizuri. Zamani timu nzima ya divisheni ya kwanza, ile ya juu kabisa ya vyuo, ilikuwa na skolashipu 11.7 tu, ndiyo, na nukta yake, wanagawana vijana 27, yaani mzazi bado unalipa. Tangu 2025 vyuo vilivyoingia utaratibu mpya vinaweza kuwalipia wote lakini kikosi mwisho watu 34, na makocha wanapenda kuchukua vijana wakubwa waliokwishacheza chuo kingine, kwa hiyo mtoto anayetoka haiskuli anaweza kukaa benchi mpaka mkono upoe. Halafu kuna drafti, kila Julai timu kubwa zinachagua vijana raundi 20. Ukiingia chuo cha miaka minne hawakuchukui mpaka umalize mwaka wa tatu au ufikishe miaka 21, ila ukiwa koleji ya miaka miwili hata baada ya mwaka mmoja wanaweza kukuita. Na asipoitwa anahamia yunivasiti, masomo yanaendelea. Sasa hapo ubaya uko wapi? Naomba uongee na shemeji yako, wewe anakusikiliza.

Na yule anayesema huu mchezo si wetu mwambie pale shule ya Azania Dar kuna uwanja wa besiboli, Wajapani wamesaidia, na watoto wa Lugazi hapo Uganda walifika mashindano ya dunia ya watoto kule Pennsylvania mwaka 2012. Ukutani kwa Idi kuna picha ya Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu ya huku, Aprili 2017 na Pittsburgh, mara ya kwanza anashika fimbo akaupiga mpira na akafika kituo cha kwanza. Mama yake alikuwa anafanya usafi kwenye klabu ya besiboli, na mtoto kakulia humohumo klabuni. Yule mama alifariki 2013, hakuiona siku ile. Nikipita mlangoni kwa Idi naiangalia ile picha, halafu nakumbuka nyumbani, Raskazone jioni, mihogo ya kuchoma na pilipili, upepo wa bahari, na mama amekaa barazani ananiita, nakosa raha kabisa.

Mabati nitatuma Septemba, yote, si nusu. Kwa sasa nimetuma laki tatu kwa namba yako, nunua turubai zito ufunike upande wa chumba cha mama kabla ya mvua za vuli, na fundi asiwe yule wa mwaka jana.

Jumapili saa tatu usiku ya huko mpe mama simu ya video. Idi anataka kumwonyesha barua ya kocha mwenyewe, ameishika kwa ule mkono. Usimwambie chochote kabla.

Wasalimie wote Chumbageni.

Dada yako,
Mama Idi