Urithi wa Magharibi haukuzaliwa Athene peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie chimbuko la ustaarabu wa Magharibi, ambao katika shule zetu hapa Uganda mara nyingi hufundishwa kana kwamba ulizaliwa Athene, mji wa Wagiriki wa kale, peke yake. Ni kweli kwamba Wagiriki waliiachia dunia falsafa, uchunguzi wa maumbile na kura ya raia. Lakini kura hiyo iliwatenga wanawake, wageni na watumwa, na mwanafalsafa wao Aristotle mwenyewe alishikilia kwamba wapo watu waliozaliwa wawe watumwa.

Chimbuko la pili ni Waebrania, yaani Wayahudi wa kale. Nao walikuwa na watumwa, jambo lisilofaa kufichwa. Hata hivyo, Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, inaagiza kwamba siku ya Sabato mtumwa apumzike sawasawa na bwana wake, pamoja na ng'ombe na punda. Tena nabii Nathani alimkabili Mfalme Daudi ana kwa ana kwa kumwua askari wake Uria na kumtwaa mkewe, na mfalme, ambaye angeweza kumwangamiza nabii huyo, akakiri dhambi yake. Kwangu mimi, wazo hilo kwamba mtawala naye hushtakiwa lina thamani kuliko hekalu lolote la marumaru.

Mikondo hiyo miwili, wa Kigiriki na wa Kiebrania, ilikutana katika bara letu wenyewe: huko Aleksandria, Misri, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Wayahudi walianza kuitafsiri Torati kwa Kigiriki. Wamisionari waliofika Buganda mwaka 1877 walileta matunda ya makutano hayo, kwa hiyo walimu wetu wa historia waifundishe mikondo yote miwili kwa pamoja.

Msomaji wenu,
Jinja