Zile nyimbo za metali, mwandishi wenu azisikilize upya

Ndugu Mhariri,

Kwanza hongereni kwa kuamua kuandika habari za roki na hevi metali kwa Kiswahili, manake sisi tunaoupenda huu muziki tumezoea kusoma kila kitu kwa Kiingereza na kujadiliana wenyewe kwa wenyewe tu. Lakini ule ukurasa wa toleo lililopita, ambao mwandishi wenu kazipa alama nyimbo zote za ile CD ya bure iliyokuja na jarida moja la Uingereza, umeniuma kweli na naomba nafasi niseme kwanini. Sio kwamba alama zake hazifanani na zangu, hilo la kawaida, kila mtu ana sikio lake. Ni kwamba ukisoma maelezo yake unaona kabisa kila wimbo kausikia mara moja tu, na zingine hakuzimaliza. Wimbo wa tisa kaandika hauna solo, yaani ile sehemu gitaa moja inapochukua nafasi ya mbele. Solo ipo! Inaanza dakika ya tano, gitaa zote zinanyamaza inabaki besi peke yake, halafu solo inaingia taratibu kutoka chini, na kwangu mimi ndo sehemu nzuri kuliko zote kwenye diski nzima. Mtu aliyefika dakika ya tano hawezi kuandika vile.

Sasa kuna mambo ya hizi diski za bure ambayo naona wasomaji wangeambiwa kabla ya kupewa alama. Nafasi kwenye diski ya jarida mara nyingi inalipiwa na lebo, ile kampuni inayotoa rekodi za bendi, yaani ni tangazo, kwahiyo wimbo kuwa wa kwanza haimaanishi wahariri wa kule wameuona bora, na lebo nayo inatoa ule wimbo unaonasa haraka, sio lazima uwe ndo unaoonyesha bendi ilivyo. Halafu CD inabeba kama dakika 80 tu basi, sasa bendi za doom, ile metali nzito ya polepole, ambazo wimbo mmoja unakwenda dakika kumi na zaidi utaziweka wapi, ukiweka mbili tatu nafasi imeisha, ndo maana zinaachwa au wimbo unakatwa. Mwandishi wenu akalalamika kwamba bendi za siku hizi haziwezi kutunga nyimbo ndefu, wakati alichokuwa anasikiliza kimeshachujwa kwa urefu kabla hakijamfikia.

Lakini kubwa kuliko yote ni suala la ukubwa wa sauti, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Nyimbo za diski kama ile zimetoka studio tofauti, na kila moja imefanyiwa ile kazi ya mwisho, masta, na mtu wake. Wengine wanaukandamiza wimbo mpaka sehemu za chini zinapanda zinalingana na za juu, ukifungua unakupiga kifuani palepale, wengine wanaacha nafasi, pa kunong'ona panong'one na pa kulipuka palipuke. Sikio la binadamu likisikia vitu viwili, kile chenye sauti kubwa zaidi linakiona kizuri, kama kwenye daladala abiria wawili wakibishana mwenye kupayuka ndo anaonekana ana hoja. Metallica wenyewe walipotoa Death Magnetic mwaka 2008 mashabiki waligundua nyimbo zilezile kwenye gemu la Guitar Hero zilikuwa zinasikika safi kuliko kwenye CD, kwasababu zile za kwenye gemu hazikuwa zimekandamizwa kiasi kile, na maelfu wakatia saini kuomba albamu ifanyiwe miksi au masta upya. Hiyo ni bendi kubwa yenye pesa za kulipia studio yoyote duniani. Sasa fikiria bendi changa iliyoacha muziki wake upumue halafu imewekwa katikati ya nyimbo mbili zilizokandamizwa hivyo, itaonekana dhaifu hata kama utunzi wake ni bora mara mbili.

Na ndo kilichotokea kwa wimbo wa sita. Kaupa nne, kasema umepoa. Naomba mtu yeyote mwenye hiyo diski afanye hivi, wimbo wa kwanza ashushe sauti, wa sita aipandishe, mpaka zote zilingane, halafu azisikilize tena kwa kufuatana. Mimi nilipozilinganisha hivyo ule wa kwanza, ambao yeye kaupa tisa, ulipungua sana. Sikiliza dramu zake hasa ile ngoma ya mguu, kila pigo ni lilelile, halizidi halipungui, manake mlio uliorekodiwa umebadilishwa na sampo ya kompyuta, yaani mlio mmoja ulioandaliwa tayari, na mapigo yote yakapangwa sawasawa kwenye mstari. Sisemi ni dhambi, metali ya kasi nyingi inatengenezwa hivyo siku hizi ili mapigo yasikike kila moja, lakini baada ya dakika mbili hamna kinachokushtua tena. Kiitikio nacho kinarudi na kurudi bila kuongezewa kitu, hata sauti ya pili hamna. Mi naupa tano. Wimbo wa sita unamsikia kabisa mpiga dramu ni mtu, kwenye ubeti anagusa sneya, ile ngoma yenye mlio mkali, kwa wepesi, ukikaribia mwisho anaipiga kwa mkono wote na gitaa inayosikika upande wa kulia inaanza kuachana na ya kushoto, kila moja inashika njia yake, unakaa hujui zitakutana wapi. Huo nane, na ningeupa tisa kama mashairi yasingekuwa ya kawaida mno.

Kuhusu wimbo wa nne aliosema kwamba huyu kaka anabweka tu haimbi. Kwanza sio kaka, ni dada, jina lake limeandikwa kwenye karatasi ya ndani ya kava. Mwimbaji Angela Gossow aliingia bendi ya Arch Enemy ya Sweden tangu mwaka 2000, kwahiyo mwanamke kugurumisha sauti kwenye metali sio jambo jipya la kumshangaza mtu anayeandika uchambuzi. Pili kule kuguruma ni ufundi, wanatumia zile nyama zilizo juu kidogo ya nyuzi za sauti pamoja na pumzi ya tumboni, na anayefanya kwa kulazimisha koo anaumia haraka sana. Kuna wanaojua na wasiojua na tofauti inasikika, mjuzi anabadilisha kimo, anatamka, anakata neno pale dramu zinapokata. Huyu dada anafanya yote hayo, fuata mashairi kwenye karatasi utaona maneno yanakaa palepale kwenye pigo. Kama mwandishi hapendi sauti za aina hiyo aseme hapendi, ni haki yake, ila asiseme haimbi.

Najua kuna atakayeniambia sasa nyimbo nyingi hivyo nani ana muda wa kurudiarudia. Lakini huu muziki umejengwa na watu waliorudiarudia! Mwishoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na DJ Neal Kay, alikuwa anapiga rekodi kwenye ukumbi wa hevi metali, Soundhouse, pale Kingsbury, London. Bendi ya Iron Maiden walirekodi demo yao, yaani rekodi ya kujitambulisha, mwishoni mwa 1978 wakampelekea kaseti, bendi haijulikani haina lebo, yeye akawa anaipiga na watu wakawa wanaiomba. Kutokana na maombi ya wale watu alikuwa anapanga chati ambayo ilichapishwa kwenye gazeti la muziki la Sounds, na mwaka 1979 wimbo wa kwenye kaseti ile ukafika namba moja. Ebu fikiria, wimbo wa demo unapanda kwenye gazeti kwasababu watu walewale wanarudi ukumbini wanauomba tena. Mwaka 1980 Kay huyohuyo ndo alihusika kuchagua bendi za mkusanyiko wa Metal for Muthas uliotolewa na EMI na Maiden wakawemo na nyimbo mbili. Kule Marekani nako mwaka 1982 Brian Slagel alitoa mkusanyiko wa Metal Massacre wenye wimbo wa kwanza kabisa wa Metallica kutolewa kwenye rekodi, jina lao lenyewe likachapwa vibaya kwenye toleo la kwanza, na Lars Ulrich, mpiga dramu wao, alikuwa ameomba nafasi hiyo hata bendi hajaikamilisha. Mtu akiusikia ule wimbo mara moja kwa haraka angeupa ngapi? Watu waliourudia ndo walioisambaza ile bendi.

Na lile neno la mwisho kwenye ukurasa, kwamba huu muziki kwetu hauna mizizi, jamani. Bendi ya Sunburst walikuwa Dar es Salaam hapahapa miaka ya 1970 wanapiga roki ya Kiafrika yenye gitaa za moto, na mwaka 2016 lebo ya Strut ikakusanya rekodi zao ikazitoa upya. Majirani zetu wa Zambia muongo huohuo walikuwa na bendi kama WITCH na Ngozi Family mpaka aina yao ya muziki ikapewa jina lake, Zamrock. Na mwaka 2020 bendi ya Duma ya Nairobi walitoa albamu kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, muziki mkali kuliko chochote kilichomo kwenye ile diski ya Uingereza. Mwandishi wenu angeanzia hapo asingeandika vile.

Ninachoomba ni hiki. Toleo lijalo mkichambua tena mkusanyiko wowote punguzeni idadi, chagueni hata nyimbo tano tu lakini mziandike kwa kina, mtaje dakika na sekunde ya kitu mnachokisifia au kukiponda ili na sisi tukitafute tukisikie, na mseme ulisikilizwa kwenye nini, manake spika ya simu haitoi besi na metali bila besi ni nusu ya wimbo. Wasomaji nao mtupe nafasi ya kutuma alama zetu mzichapishe pembeni ya zenu, kama ile chati ya Soundhouse. Na huo wimbo wa tisa naomba sana usubiriwe mpaka dakika ya tano, halafu alama yake mpya muichape, hata ikibaki ileile.

Wenu,
Msomaji, Morogoro